Miguu ilifungwa, lakini fundo lilikuwa kichwani

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mwinjilisti kijana katika kijiji kimoja cha Mtwara vijijini, upande wa bonde la Ruvuma. Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Mahindi yalikauka kabla ya kubeba, na kilichobaki mashambani kilikuwa muhogo peke yake. Ndipo binti mmoja wa miaka kumi hivi, mzima wa afya, mwimbaji wa kwaya ya watoto, aliporudi kuchota maji akamwambia mama yake kuwa miguu inamtetemeka. Kesho yake asubuhi hakuweza kusimama. Hakuwa na homa, hakuanguka, hakuumwa na nyoka.

Baada ya wiki kadhaa alisimama tena kwa msaada wa fimbo, lakini hakutembea kama zamani. Magoti yalikaza na kukaribiana, akawa anakanyaga kwa ncha za vidole, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwenzake kama mkasi. Hali hiyo haikuzidi kuwa mbaya, wala haikupona.

Kijijini maneno hayakukawia. Wengine walisema ametupiwa kitu na majirani. Wengine walisema ni mizimu ya upande wa baba, inadai tambiko. Sisi wa kanisani tulijiona tuna jibu bora zaidi. Tulikwenda nyumbani kwao wazee wanne pamoja nami, tukaimba, tukaomba kwa sauti kubwa. Binti alipojaribu kusimama akashindwa, nilimgeukia mama yake na kumwuliza, mbele ya majirani wote, kama kuna dhambi yoyote katika nyumba ile ambayo hajaitubu.

Mama yule hakujibu. Aliinama, akaokota fimbo ya mwanawe iliyokuwa imeanguka, akaiweka karibu naye. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala Jumapili zilizofuata kwa muda mrefu sana.

Nyundo ya mpira

Miezi michache baadaye walikuja wataalamu wa afya kuwapima watu wenye shida ya miguu, maana binti yule hakuwa peke yake. Nilikwenda kutazama. Daktari mmoja kijana alimketisha binti juu ya meza, miguu ikining'inia, akatoa nyundo ndogo ya mpira na kumgonga chini kidogo ya goti. Mguu uliruka mbele kwa nguvu nisiyoitarajia. Akagonga goti la pili, ikawa vilevile. Kisha akaushika wayo na kuusukuma juu kwa ghafla. Wayo ukaanza kupigapiga wenyewe mkononi mwake, kama moyo wa ndege.

Daktari akamwambia mama, kwa upole, "Mama, ugonjwa hauko miguuni. Uko juu, kwenye ubongo."

Nikacheka kimoyomoyo. Hajafungua kichwa, hana mashine, ana nyundo tu ya kugonga magoti, halafu anatuambia habari za ubongo! Ilinichukua miaka kuelewa kuwa kijana yule alikuwa anasoma ramani, nami nilikuwa sijui hata kama ramani hiyo ipo.

Ramani iliyochorwa na wagonjwa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ukiutazama kwa nje unaonekana kama nyama laini yenye mikunjo mingi, iliyogawanyika nusu mbili, ya kulia na ya kushoto. Lakini sehemu zake hazifanyi kazi moja. Nyuma, usawa wa kisogo, ndiko picha kutoka machoni zinakopokelewa. Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo, unaosaidia mwili kusimama sawasawa na mikono kulenga vizuri. Chini kabisa, pale kichwa kinapokutana na shingo, kuna shina la ubongo, ambalo husimamia kupumua hata ukiwa usingizini. Ndani, usawa wa masikio, kuna kiungo kidogo kilichojikunja, ambacho umbo lake liliwakumbusha wataalamu wa zamani yule samaki aitwaye farasi wa baharini. Bila hicho, mtu hawezi kutunza kumbukumbu mpya.

Sasa chora kwa kidole mstari kutoka sikio moja, kupita utosini, hadi sikio la pili, kama binti anayevaa kibanio cha nywele. Chini ya mstari huo, pande zote mbili, kuna ukanda wa ubongo unaotoa amri ya kutembea, kushika na kusema. Uso una sehemu yake karibu na sikio, mkono una yake katikati, na mguu una yake juu kabisa, pale ukanda unapozama kati ya nusu mbili za ubongo.

Ramani hii haikushuka mbinguni ikiwa imeandikwa. Iligunduliwa kidogo kidogo, na mara nyingi kwa njia ya watu walioumia. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan", ingawa alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliukagua ubongo wake na kukuta sehemu ya mbele ya upande wa kushoto imeharibika. Hivyo ikaanza kujulikana mahali maneno yanapotengenezwa. Mwaka 1870, Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, walionyesha kuwa umeme kidogo ukigusa ukanda fulani wa ubongo wa mbwa, mguu wa upande wa pili hutikisika. Katika miaka ya 1930, mjini Montreal, Canada, daktari wa upasuaji Wilder Penfield alikuwa akiwagusa wagonjwa wa kifafa kwa umeme hafifu kwenye ubongo ulio wazi, wenyewe wakiwa macho kwa sababu ubongo hauna hisia ya maumivu, na akiandika kila walichokisema na kila kiungo kilichotikisika. Ni mwaka 1971 tu, jijini London, mashine ilipoweza kwa mara ya kwanza kupiga picha ya ubongo wa mgonjwa katika vipande, bila kumfungua kichwa.

Kwa hiyo, mpendwa, mengi tunayoyajua juu ya ubongo wetu tumefundishwa na watu ambao jamii iliwaona kuwa hawana cha kufundisha: bubu, mwenye kifafa, aliyepooza.

Wajumbe wawili

Tumrudie daktari na nyundo yake. Amri ya kutembea hubebwa na wajumbe wawili wanaopokezana. Mjumbe wa kwanza hutoka kwenye ule ukanda wa juu, hushuka kupitia shina la ubongo, na hapo wengi huvuka kwenda upande wa pili. Ndiyo maana nusu ya kushoto ya ubongo huongoza mguu wa kulia. Kisha huendelea ndani ya uti wa mgongo hadi kiunoni. Hapo humkabidhi ujumbe mjumbe wa pili, ambaye hutoka nje ya uti wa mgongo na kwenda kwenye msuli wenyewe.

Akifa mjumbe wa pili, kama inavyokuwa katika ugonjwa wa polio, msuli haupati amri kutoka popote. Mguu hulegea, hunyong'onyea na kukonda. Ukigonga goti, halijibu kitu.

Lakini akiharibika mjumbe wa kwanza, mambo huwa kinyume. Mjumbe wa pili yupo hai, ila hana tena wa kumtuliza. Kazi ya ubongo si kuamuru tu, ni kuzuia pia. Kizuizi hicho kikiondoka, misuli hukaza, na ukigonga goti mguu huruka kwa nguvu kupita kiasi. Daktari yule aliona miguu yote miwili imekaza sawasawa, magoti yote yanaruka, ngozi bado inahisi mguso, mgongo hauna jeraha, na haja ndogo haina shida. Kwa alama hizo alijua kuwa mjumbe aliyeumia ni wa kwanza, yule anayetoka kwenye ukanda wa juu wa ubongo.

Kuna jambo lingine lililonishangaza nilipokuja kusoma habari za ugonjwa huu. Watafiti walipowachunguza Sweden wagonjwa wawili kutoka Kongo walioathirika sana, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo zilionekana za kawaida kabisa. Hapakuwa na uvimbe wala kovu. Lakini walipousisimua ule ukanda wa mwendo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, jambo ambalo kwa mtu mzima huufanya msuli ushtuke, hawakupata jibu lolote. Ukanda upo, picha yake ni nzuri, ila ujumbe hautoki.

Nikajiuliza: ikiwa hata mashine yenye nguvu namna hiyo inaweza kumtazama mtu isione kilichomfunga, mimi niliyemtazama kwa macho tu nilipata wapi ujasiri wa kutamka kuwa naona dhambi?

Konzo

Ugonjwa huo unaitwa konzo. Ni neno la Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango. Mwaka 1981 ulilipuka katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, katika wakati wa ukame, ukawakumba watu zaidi ya elfu moja. Wenyeji waliuita mantakassa. Miongoni mwa madaktari waliouchunguza alikuwa Msweden Hans Rosling, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa mafundisho yake kuhusu takwimu za afya. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, mkoani Mara. Mwaka 1990 William Howlett, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi KCMC Moshi, pamoja na wenzake akiwemo Mtanzania Nicholas Mlingi, waliandika habari za wagonjwa hao katika jarida la kitaalamu. Na katika miaka ya 2000 ukaja kusini mwa nchi yetu. Mlingi na wenzake wameandika kuhusu kurejea kwake huku kwetu, zikiwemo wilaya za Mtwara na Mbinga.

Chanzo chake wengi wetu tunakijua kwa jina, maana kinakua nyuma ya nyumba. Ni muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, ukiliwa siku baada ya siku bila kitoweo.

Simaanishi kuwa muhogo ni adui. Muhogo mchungu umeokoa maisha ya watu wengi kusini. Unavumilia ukame, na nguruwe pori na nyani hawaukimbilii kama ule mtamu. Lakini uchungu wake unaambatana na kitu ambacho, mizizi inapopondwa au kukatwa, hugeuka kuwa sumu ya sianidi. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara. Walimenya, wakavundika majini siku tatu au nne, wakaanika, ndipo wakatwanga. Sumu iliondoka na maji na upepo.

Mwaka wa njaa huvuruga utaratibu huo wote. Kwanza, ukame huufanya muhogo uzidi kuwa na sumu. Pili, maji ya kuvundika hayapo. Tatu, watoto wanalia, na mama hawezi kusubiri siku nne, kwa hiyo makopa hukatwa leo, huanikwa kesho, hutwangwa kesho kutwa. Nne, kitoweo kimekwisha. Na hapo ndipo palipo na siri kubwa. Mwili una njia yake ya kuiondoa sianidi kidogo inayoingia, lakini unahitaji salfa inayopatikana ndani ya protini ya samaki, mayai, maharage na kunde. (Mkulima wa korosho asinielewe vibaya: sisemi ile salfa ya kupuliza mikoroshoni dhidi ya ubwiriunga, hiyo hailiwi!) Mtu anayekula ugali wa muhogo na dagaa yuko mbali na hatari kuliko anayekula ugali huohuo kwa chumvi.

Konzo huwapata zaidi watoto waliokwisha kuacha kunyonya na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watoto wachanga wanaonyonya hukingwa. Tazama jinsi inavyochagua. Inawafuata wale ambao nyumbani hupata kipande cha samaki cha mwisho, au hawapati kabisa.

Basi yule mama niliyemwuliza juu ya dhambi yake, dhambi yake ilikuwa ipi? Mvua hazikunyesha. Alichimba kilichokuwepo, akakipika upesi ili mwanawe asilale njaa. Mkono uleule wa upendo uliomlisha ndio niliotaka kuuhukumu.

Chungu cha Elisha

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walipita karibu na kipofu tangu kuzaliwa. Swali lao la kwanza lilikuwa kama langu: walitaka kujua kosa ni la nani, la mtu mwenyewe au la wazazi. Yesu alikataa majibu yote mawili. Hakusema kuwa mtu yule na wazazi wake hawajawahi kukosea maishani. Alisema upofu wake haukutoka huko. Kisha hakuendelea na mjadala. Alichukua udongo, akafanya kazi, akamtuma mtu kwenda kunawa. Wanafunzi walimwona kipofu kama swali la darasani, lakini Bwana alimwona kama mtu.

Na kuna habari nyingine ambayo naamini iliandikwa kwa ajili yetu sisi wa Mtwara. Iko katika 2 Wafalme 4:38-41. Kulikuwa na njaa katika nchi. Mmoja wa wanafunzi wa manabii alikwenda porini kutafuta chochote cha kutia chunguni, akarudi na matango mwitu asiyoyajua, akayakatakata. Walipoanza kula, wakapiga kelele kuwa chunguni mna mauti.

Soma tena, uone kile ambacho Elisha hakukifanya. Hakuuliza nani amemkosea Mungu. Hakumfukuza yule aliyeleta matango. Hakumwaga chakula, maana watu walikuwa na njaa. Aliagiza unga uletwe, akautia chunguni, kisha akawaambia wawape watu wale. Mtumishi wa Mungu alishughulikia chungu!

Tangu nilipoielewa habari hiyo nimeamini kuwa huduma kwa wagonjwa wa konzo ina sehemu mbili, na kanisa linazihitaji zote. Maombi, ndiyo. Lakini pia chungu.

Unga kwenye mkeka

Habari njema ni kwamba sehemu ya chungu ni rahisi. Ya kwanza ni kurudia njia ya wazee: menya, vundika siku tatu au nne, anika, twanga.

Ya pili ni kwa ajili ya unga uliokwisha kutwangwa. Ilibuniwa na Howard Bradbury wa chuo kikuu kimoja cha Australia na wenzake, na imefundishwa vijijini Msumbiji, Kongo na hapa kusini kwetu. Weka unga mkavu kwenye bakuli na uweke alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Tandaza unga huo uliolowa kwenye mkeka au ungo safi, kwa tabaka jembamba lisilozidi upana wa kidole. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Sumu hugeuka kuwa hewa na kuondoka yenyewe. Kisha songa ugali wako siku hiyohiyo.

Haihitaji fedha wala umeme. Inahitaji mkeka na mtu wa kukuambia. Na ni nani mwenye nafasi ya kuwaambia akina mama wote wa kijiji kwa wiki moja, kama si kanisa? Umoja wa wanawake upo, jumuiya ndogo ndogo zipo, kwaya zipo. Kama tunaweza kutangaza mchango wa ujenzi Jumapili tatu mfululizo, tunaweza kutangaza unga mara moja kabla ya kila kiangazi.

Zaidi ya hapo, mtoto au mama akishikwa miguu ghafla, apelekwe kituo cha afya mapema, si baada ya mikesha kumi. Konzo haina dawa ya kuirudisha miguu ilivyokuwa, na haifai tumdanganye mtu. Lakini si kila mguu unaoshindwa ni konzo. Kuna magonjwa ya uti wa mgongo, kama kifua kikuu cha mifupa, ambayo yakiwahiwa yanatibika. Anayejua kutofautisha ni yule mwenye nyundo na ramani. Kwa mwenye konzo, mazoezi ya viungo, fimbo nzuri, choo anachoweza kukitumia na kiti karibu na mlango wa kanisa ni mambo makubwa kuliko tunavyodhani. Na mlo wake ubadilike, kwa kuwa anayerudia chakula kilekile anaweza kupigwa mara ya pili, vibaya zaidi.

Nasema pia kwa ajili ya wengine ambao ubongo wao una jeraha tusiloliona: mwenye kifafa, aliyepigwa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kabla ya kukemea, tuulize kwanza ni mjumbe gani aliyeumia. Swali hilo haliondoi imani. Aliyemwumba mwanadamu ndiye aliyeweka wajumbe hao, na kuwajua ni sehemu ya kumheshimu Yeye.

Mezani

Miaka mingi ilipita kabla sijapata ujasiri wa kurudi katika nyumba ile. Binti sasa ni mwanamke mtu mzima. Nilimkuta amekaa barazani, fimbo zake mbili zimeegemezwa ukutani, na mbele yake mkeka uliotandazwa unga uliolowa. Wasichana wawili wa jirani walikuwa wamechuchumaa wakimtazama anavyousawazisha kwa kiganja.

"Shikamoo, Mwinjilisti," alisema, kana kwamba tuliachana jana.

Mama yake alikuwa ndani. Alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nilisema tu, "Mama, siku ile nilikukosea. Nilikukosea wewe, na nilimkosea mtoto. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, miguu yake ilinitoa machozi mwaka mmoja. Swali lako lilinitoa machozi miaka yote." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hesabu.

Baadaye binti akasema, "Mama, mpe kiti. Unga utakuwa tayari mchana, na samaki wapo."

Nikakaa. Nilimkumbuka Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliyelemaa miguu yote miwili tangu utotoni kwa sababu yaya wake alimwangusha alipokuwa akikimbia kumwokoa. Katika 2 Samweli sura ya 9 Daudi alimwita, akampa nafasi ya kula mezani pa mfalme sikuzote. Huwa tunaihubiri habari hiyo tukijiweka sisi upande wa Daudi, tukiwakaribisha walemavu mezani petu. Siku ile ilikuwa kinyume. Meza ilikuwa yao, na aliyehitaji kukaribishwa nilikuwa mimi.

Tuombe: Bwana, wewe unayejua kila uzi ulioufuma ndani ya vichwa vyetu, utusamehe pale tulipowahukumu wagonjwa kwa jambo tusilolijua. Uwape mvua na kitoweo ndugu zetu wa bonde la Ruvuma. Uwabariki wenye nyundo na wenye mikeka. Na utufundishe kuuliza kwa upole. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.